Kamisheni za mawakala wa duka la Kamukunji: kununua programu ya ufuatiliaji au kujenga mfumo kwa fremuweki?

Duka la vyombo vya jikoni lenye stoo Kamukunji, Nairobi, lina tovuti ya WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni inayokaa juu ya WordPress), namba moja ya WhatsApp ya biashara na mawakala 45 walioenea Rongai, Kitengela, Kayole hadi Thika. Kila wakala ana kiungo chake, na akileta mteja hupata 8% ya bei ya bidhaa. Duka hulipia kila mwezi programu ya kigeni inayofuatilia viungo hivyo. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi kuna ugomvi: wakala anasema ameuzia chama cha akina mama seti kumi na mbili za sufuria, dashibodi inaonyesha sifuri. Mwenye duka anataka kujua kama anunue programu nyingine iliyo bora, au amlipe msanidi amjengee mfumo wake kwa Laravel au Django, ambazo ni fremuweki, yaani misingi ya kuandikia programu.

Duka hili ni la mfano na tarakimu zake ni za kukokotolea tu. Njia za malipo, sheria na tabia za programu ni zile zilizopo.

Vitu viwili anavyovilinganisha si vya jinsi moja. Programu ya kufuatilia mawakala, iwe Post Affiliate Pro, Tapfiliate, Refersion au AffiliateWP ya WordPress, ni nguo iliyokwisha kushonwa. Fremuweki ni jora la kitambaa. Ya kwanza inakuja na maamuzi ndani yake: mauzo ni nini, yanahesabiwa wakati gani, ni ya nani, asilimia inatolewa katika kiasi kipi. Fremuweki haina maoni yoyote kuhusu kamisheni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi bora, ni lazima kujua kama maamuzi yaliyoshonwa ndani ya programu yanalitosha duka hili. Kwa biashara nyingi za Nairobi zinazouza bidhaa za kushikika, hayatoshi, na sababu ni moja: programu hizo zinaamini kwamba mauzo hufungwa ndani ya kivinjari. Amazon ilipoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996 hilo lilikuwa kweli. Mteja alibofya, akaweka namba ya kadi, ukurasa wa shukrani ukafunguka, biashara ikaisha. Kamukunji mauzo hufungwa kwenye M-Pesa, kwenye mazungumzo ya WhatsApp, au mlangoni kwa mteja boda akisubiri.

Mwezi mmoja ukikaguliwa oda kwa oda

Chukua mwezi mmoja wenye oda 300 zilizoletwa na mawakala. Orodha imepatikana kwa njia ya kuchosha lakini ya uhakika: makarani walipitia mazungumzo yote ya WhatsApp, wakalinganisha na oda za tovuti na taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule.

Programu ilinasa oda 140. Kati ya hizo, 90 mteja alichagua kulipa kwa STK Push (ombi la M-Pesa linalotokea kwenye simu yake likitaka PIN), na 50 alichagua kulipa mzigo ukifika. Katika zile 90, wateja 17 hawakulipa kamwe. Katika zile 50, 14 zilikataliwa mlangoni. Mauzo ya kweli ndani ya 140 ni 109.

Oda 160 hazikuonekana kabisa: 118 zilifanyika WhatsApp mwanzo hadi mwisho, na 42 zilipitia tovuti lakini alama ya wakala ilikuwa imepotea njiani. Kati ya hizo 160, zilizokamilika ni 153. Duka liliuza kwa nguvu za mawakala mara 262, na programu iliona 109 sawasawa, ikaongeza 31 za hewa.

Bei ya wastani ni shilingi 5,800 pamoja na VAT ya 16%, na usafirishaji shilingi 300. Mkataba unasema 8% ya bei ya bidhaa bila VAT wala usafirishaji: 5,800 gawanya kwa 1.16 ni 5,000, kamisheni 400. Programu ilikuwa imeachwa kama ilivyokuja, ikikokotoa 8% ya jumla yote ya 6,100, yaani 488. Basi kwa mwezi duka lililipa zaidi shilingi 88 mara 109, ambazo ni 9,592, na 488 mara 31 kwa mauzo yasiyokuwepo, ambazo ni 15,128. Jumla ni 24,720 zilizotoka bure.

Upande wa pili ndio mzito zaidi. Mauzo 153 mara 400 ni shilingi 61,200 ambazo mawakala walizifanyia kazi na hawakulipwa. Mhasibu anaweza kuziona kama akiba. Si akiba hata kidogo, ni deni. Wakala aliyekaa jioni nzima akijibu maswali ya chama kuhusu unene wa sufuria, kisha akaambiwa mfumo hauoni chochote, ana haki ya kukasirika na sababu ya kuhamia kwa muuzaji mwingine.

Oda za hewa zilitoka wapi

Za STK zinaeleweka ukijua mpangilio wa Daraja, API ya M-Pesa, yaani mlango ambao programu nyingine hutumia kuzungumza na M-Pesa. Tovuti inapotuma ombi, Daraja hujibu mara moja na CheckoutRequestID, namba ya kutambulisha ombi. Jibu hilo lina maana kwamba ombi limepokelewa. Pesa bado haijasogea. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya marejesho uliyoiweka: ResultCode 0 ni malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au muda umeisha, 1 salio halitoshi. Programu-jalizi ya malipo ya duka hili ilimpeleka mteja kwenye ukurasa wa shukrani baada ya lile jibu la kwanza. Msimbo wa ufuatiliaji umekaa kwenye ukurasa huo huo, hivyo kila aliyeghairi PIN alihesabiwa kuwa amenunua. Hakuna programu ya ufuatiliaji itakayorekebisha hili ikiwa itaendelea kuwekwa mahali pale pale. Ukinunua ya bei mara tatu, itahesabu makosa yale yale kwa rangi nzuri zaidi.

Za kulipa mzigo ukifika ni rahisi kueleza: oda ilihesabiwa ilipowekwa, si ilipopokelewa. Programu nyingi zina hali ya "inasubiri" ambayo mtu anaweza kuithibitisha au kuikataa kwa mkono, lakini lazima awepo mtu wa kufanya hivyo, na katika duka hili hakuwepo.

Kuna na suala la saa. Ripoti za programu zilikuwa kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Oda iliyolipwa Nairobi saa saba usiku tarehe 1 Mei, kwa UTC bado ni saa nne usiku tarehe 30 Aprili. Jumla za mwezi hazitakaa ziafikiane na taarifa ya M-Pesa mpaka saa za pande zote mbili ziwe za Nairobi.

Oda 42 zilizopoteza wakala

Hapa watu hulaumu Apple haraka mno. Ni kweli kwamba tangu 2019 Safari, kivinjari cha Apple, hufuta kuki (alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) zilizowekwa kwa JavaScript baada ya siku 7, na tangu Machi 2020 inazuia kuki zote za tovuti za watu wengine. Lakini wateja wengi wa duka hili wanatumia Android. Kinachowapoteza ni vivinjari vya ndani ya programu. Mtu akibofya kiungo cha wakala ndani ya Instagram, Facebook au TikTok, ukurasa hufunguka kwenye kivinjari cha programu hiyo, chenye hifadhi yake ya kuki. Anatazama sufuria, anafunga, anangoja mshahara. Mwisho wa mwezi anafungua Chrome, anaandika jina la duka, ananunua. Kuki ya wakala iko TikTok. Oda iko Chrome. Hakuna kinachoziunganisha.

Kubofya kwenyewe nako hakuaminiki. WhatsApp huchota ukurasa ili kuonyesha picha na kichwa cha kiungo pale wakala anapokibandika, na uchotaji huo huhesabiwa kama mbofyo usipochujwa kwa jina la kivinjari linaloanza na "WhatsApp" au, kwa Facebook, "facebookexternalhit". Wakala anaweza kuonekana na mibofyo mingi ambayo hakuna binadamu aliyeibofya.

Dawa ya yote mawili ni ya zamani na haina teknolojia nyingi: kila wakala awe na msimbo mfupi wa kuponi, na msimbo ndio uamue mauzo ni ya nani. Mteja anaukumbuka, anauandika kwenye tovuti, au anautaja WhatsApp, hata kwa simu. Kiungo kibaki kama msaada wa kumfikisha mteja, na kikifunguliwa kijaze msimbo chenyewe. Mteja apewe sababu ya kuutumia, hata ikiwa ni shilingi 100 za punguzo, la sivyo ataacha kuuandika.

Njia tatu na bei zake

Ya kwanza ni kubaki na programu iliyonunuliwa na kuirekebisha. Ya pili ni kubaki nayo lakini kuandika daraja dogo (si Daraja ile ya M-Pesa): kiprogramu kinachosubiri malipo yathibitishwe ndipo kipeleke mauzo kwenye programu kupitia API yake, pamoja na kuponi ya wakala. Ya tatu ni kujenga leja (daftari la hesabu) ya kamisheni yako mwenyewe kwenye fremuweki na kuachana na programu.

Tuseme programu ni dola 90 kwa mwezi. Kwa shilingi 130 kwa dola ni 11,700, na kwa mwaka 140,400. Ikibaki ilivyo, ongeza zile 24,720 zinazopotea kila mwezi, yaani 296,640 kwa mwaka. Njia ya kwanza isiporekebishwa inagharimu 437,040 na mawakala wananung'unika bado.

Daraja dogo ni kazi ya siku sita. Kwa shilingi 8,000 kwa siku ni 48,000. Ongeza siku moja ya matunzo kila mwezi, 96,000 kwa mwaka, seva ya dola 20 kwa mwezi ambayo ni 31,200 kwa mwaka, na ada ya programu. Mwaka wa kwanza ni 315,600, wa pili 267,600.

Kujenga leja ni siku 15, yaani 120,000, siku mbili za matunzo kila mwezi, 192,000, na seva ile ile. Mwaka wa kwanza 343,200, wa pili 223,200.

Kwa miaka miwili daraja linagharimu 583,200 na leja 566,400. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuamua chochote. Msanidi akichelewa siku tatu tu, imeyeyuka. Yeyote anayekuambia kujenga ni rahisi kuliko kununua hajahesabu matunzo, na anayekuambia kununua ni rahisi hajahesabu daraja.

Kinachoamua ni wapi ushahidi wa deni unakaa. Wakala akija na malalamiko, karani anahitaji kufungua ukurasa mmoja na kuona: oda hii, msimbo huu, risiti hii ya M-Pesa, imefika siku hii, kamisheni hii, imelipwa au haijalipwa. Kwenye njia ya daraja, nusu ya habari iko kwenye programu ya nje na nusu kwenye seva yako, na malipo kwa wakala bado ni kazi yako. Ukishaandika kipande kinachojua malipo ya kweli, umekwisha kufanya sehemu ngumu ya leja. Kwa duka hili tunachagua kujenga, kwa sharti moja: msanidi awe wa kudumu kwa maana ya mkataba wa matunzo, si kijana aliyepatikana kwa wiki tatu akapotea. Bila sharti hilo, chukua daraja.

Duka lingekuwa linauza huduma ya mtandaoni kwa kadi, kwa wateja wa nje, na washirika walioko Uingereza au Marekani, uamuzi ungekuwa kinyume, bila kusitasita. Huko maamuzi yaliyoshonwa ndani ya programu yanafaa, na kujenga kungekuwa kupoteza pesa.

Leja inavyojengwa

Jedwali tano zinatosha: wakala, msimbo, oda, malipo, na leja yenyewe. Usianze na dashibodi ya mawakala. Anza na leja.

Leja haifutwi wala kuhaririwa. Kila tukio ni mstari mpya: kamisheni imepatikana, imerudishwa, imelipwa. Oda ya kamisheni ya shilingi 400 huingia kama +40000, kwa senti, namba kamili, kwa sababu namba za desimali za kompyuta hupoteza senti katika kujumlisha. Mteja akirudisha nusu ya mzigo, ongeza mstari wa −20000. Usiuguse ule wa kwanza. Salio la wakala ni jumla ya mistari yake. Weka zuio la upekee kwenye databesi juu ya risiti ya M-Pesa, na jingine juu ya namba ya oda pamoja na kitambulisho cha tukio lililozaa mstari. Daraja inaweza kutuma taarifa ile ile mara mbili, na WooCommerce vilevile. Ukitegemea msimbo wa programu yako ukague kwanza "je, ipo?", taarifa mbili zikifika kwa sekunde moja zote zitajibiwa "haipo" na wakala atalipwa mara mbili. Databesi ndiyo ikatae.

Oda za WhatsApp ziingizwe na karani kwenye WooCommerce ile ile, kuponi ya wakala ikiwekwa. Hapo oda zote zinakuwa na umbo moja, na mfumo unasoma sehemu ya kuponi bila kujali oda ilianzia wapi. Taarifa za oda zije kwa ujumbe wa moja kwa moja wa WooCommerce wa "order.updated", saini yake ya HMAC-SHA256, inayothibitisha umetoka kweli WooCommerce, ikaguliwe. Tahadhari: ujumbe huo ukishindwa kufika zaidi ya mara tano mfululizo, WooCommerce huuzima. Seva yako ikilala usiku mmoja, asubuhi itaamka na hakuna kinachokuja. Kwa hiyo kila usiku mfumo uvute kwa API oda zote zilizobadilika katika siku mbili zilizopita na kuziba mapengo.

Kwa malipo ya WhatsApp, acheni namba ya till kwa oda hizi na mtumie Paybill. Till haina sehemu ya kuandika namba ya akaunti. Paybill inayo, nayo hukufikia kama BillRefNumber. Msitegemee namba ya simu ya mlipaji kuoanisha: kwenye taarifa za C2B (malipo ya mteja kwenda kwa biashara) namba hiyo huja imefichwa. Namba ya oda iwe tarakimu tupu, na mwishoni iongezewe tarakimu moja ya ukaguzi kwa kanuni ya Luhn. Oda 2041 inakuwa 20412. Mteja akikosea akaandika 20142, hesabu inagoma, na mfumo unaipeleka kwa karani badala ya kuibandika kwenye oda ya mtu mwingine. Ukiomba Safaricom iwashe uhakiki wa C2B, namba mbovu inakataliwa kabla pesa haijatoka kwa mteja, na hilo linapunguza simu za lawama.

Anwani za marejesho zina mitego yao. Lazima ziwe za HTTPS, na za C2B zisiwe na maneno kama "mpesa" au "safaricom" ndani yake. Daraja haitii saini taarifa zake, kwa hiyo mtu akiijua anwani yako anaweza kukutumia malipo ya uongo. Weka neno la siri refu kwenye njia ya anwani, ruhusu IP za Safaricom pekee, na kwa STK uliza tena Daraja hali ya muamala kabla ya kuandika kwenye leja. Swali hilo hilo hukuokoa pale taarifa inapokosa kufika: oda iliyokaa dakika tano bila jibu iulizwe, isiachwe. Tena, Django hukataa taarifa za Daraja kwa kosa la 403 na Laravel kwa 419 mpaka anwani hizo ziondolewe kwenye ulinzi wa CSRF, kinga ya fremuweki dhidi ya maombi ya kughushi. Hiki ndicho kikwazo cha kwanza cha karibu kila msanidi, na mara nyingi humlia siku nzima akidhani tatizo liko kwa Safaricom.

Kamisheni iingie kwenye leja oda ikilipwa na kufika, vyote viwili. Ianze kulipika siku 7 baadaye, muda wa mteja kurudisha sufuria iliyobonyea.

Laravel au Django

Zote mbili zinaweza kazi hii, na kwa uaminifu ile ambayo msanidi wako anaijua ndiyo ya kuchagua. Laravel inaendeshwa kwa PHP sawa na WooCommerce, inakaa vizuri hata kwenye seva za bei nafuu za cPanel, na foleni na ratiba zake zimekuja tayari. Kwa leja tunapendelea Django kwa sababu ya ukurasa wake wa utawala: ukishaeleza jedwali, karani na mhasibu wana mahali pa kutafuta, kuchuja na kusoma bila msanidi kuandika ukurasa hata mmoja. Katika mfumo ambao watumiaji wake wakuu ni watu wanne ofisini, hizo ni siku nyingi zilizookolewa. Laravel ina Filament kwa kazi hiyo, ni nzuri na ya bure, ila ni kifurushi cha ziada cha kutunza. Kwenye Django, weka TIME_ZONE kuwa Africa/Nairobi, funga kila uandishi wa leja ndani ya transaction.atomic ili uandikwe wote au usiandikwe kabisa, tumia databesi ya PostgreSQL, na ondoa ruhusa ya kuhariri na kufuta leja kwenye ukurasa wa utawala, hata kwa mwenye duka.

Epuka Express au Next.js, fremuweki za JavaScript, kwa leja hii. Si kwamba haziwezi. Ni kwamba utakusanya mwenyewe vipande vya ruhusa, uhamishaji wa databesi, utawala na ratiba, na kila kipande kitakuwa na toleo lake la kusasisha. Matoleo yana gharama: Laravel hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka miwili tangu toleo kutoka, na matoleo ya muda mrefu ya Django takriban mitatu. Hizo siku mbili za matunzo kwa mwezi ndizo zinazolipia hilo.

Udanganyifu unakoingilia

Programu za kigeni hujisifu kuzuia roboti zinazobofya. Katika duka hili, ukilipa kwa mauzo yaliyofika na si kwa mibofyo, roboti hazina cha kuiba. Hatari iko kaunta. Karani anayeingiza oda za WhatsApp anaweza kuweka kuponi ya shemeji yake kwenye oda iliyokuja yenyewe. Kanuni ni kwamba msimbo lazima uwe umetajwa na mteja kwenye mazungumzo kabla bei haijatolewa, na picha ya ujumbe ibandikwe kwenye oda. Mfumo uhifadhi ni karani gani aliyeweka kuponi gani, na kila wiki utoe orodha ya jozi za karani na wakala. Jozi moja ikizidi nyingine zote kwa mbali, mwenye duka aangalie. Wakala anayenunua kwa msimbo wake mwenyewe anaonekana kwa kulinganisha namba ya mteja kwenye oda na namba yake ya kulipwa. Kwanza geuza namba zote ziwe za mtindo wa 254, maana 0712, 712 na +254712 kwa kompyuta ni watu watatu.

Wakala anapopewa ukurasa wa kuona mauzo yake, asione namba kamili za wateja. Jina la kwanza na tarakimu tatu za mwisho zinamtosha kutambua oda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu mwenye duka hata kama mfumo umejengwa na mtu mwingine.

Kulipa mawakala

Kwa miezi mitatu ya kwanza msiunganishe malipo ya B2C (biashara kutuma M-Pesa kwa mtu moja kwa moja kutoka kwenye mfumo). Mfumo utoe faili la CSV kila Ijumaa ya pili, mhasibu alipe, kisha risiti zirudishwe kwenye leja. Makosa ya hesabu yatagunduliwa na macho ya binadamu kabla pesa haijatoka. Weka kiwango cha chini cha shilingi 500 ili ada za kutuma zisile vimalipo vidogo.

B2C itakapokuja, jambo la kukumbuka ni moja kuliko yote: jibu la muda kuisha halina maana kwamba malipo yameshindwa. Yanaweza kuwa yamepita. Weka hali ya "haijulikani", uliza hali ya muamala, na usitume tena mpaka upate jibu. Pesa za B2C hutoka kwenye akaunti ya Utility, kwa hiyo mhasibu ahamishe fedha huko kabla ya siku ya malipo, la sivyo orodha nzima itarudi kwa salio kutotosha.

Kodi nayo ikae kwenye mfumo tangu mwanzo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliingiza kamisheni ambazo mtengeneza maudhui hupata kwa kutangaza bidhaa za wengine mtandaoni kwenye kodi ya zuio ya 5% kwa mkazi. Kwa wakala wa aina hiyo, kamisheni ya 400 hukatwa 20 na hupokea 380, na duka linahitaji PIN yake ya KRA. Kiwango kiandikwe kwenye jedwali na tarehe ya kuanza kutumika, kisizikwe ndani ya msimbo wa programu, maana kila Juni Bunge linaweza kukigusa.

Kuhama

Endesheni mifumo miwili pamoja kwa mwezi mmoja mzima. Kabla ya kuacha kulipia programu, toeni data yake yote: mibofyo, mauzo, malipo ya nyuma na viungo vya kila wakala, kwa sababu viungo vya zamani vitaendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka. Anwani ya zamani ikiwa ni ya jina la tovuti yenu, ielekezeni kwenye mpya pamoja na msimbo wa wakala. Ikiwa ilikuwa ya jina la programu, wapeni mawakala wiki mbili za kubandika viungo vipya.

Mwezi huo wa pamoja, kila oda ambayo mifumo haikubaliani ipewe sababu moja kati ya hizi: haikulipwa, ilikataliwa, kuki ilipotea, karani hakuweka msimbo, saa zimepishana. Ile ya nne ndiyo ya kufuatilia wiki kwa wiki, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo fremuweki haiwezi kuimaliza. Oda za mwezi uliopita zilizokosa kamisheni, zile 153, ziingizwe kwenye leja kama mistari ya kwanza, kila moja na ushahidi wake, na zilipwe kabla mawakala hawajaonyeshwa mfumo mpya.